Masika ya Kanaani

Mkulima wa Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, akifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 11 haoni haja ya kuulizia maana. Anaahidiwa masika na vuli, maneno aliyoyajua kabla hajajua kusoma. Vuli hulainisha udongo wa mbugani, masika hujaza majaruba, na kati ya hizo mbili anapiga hesabu zake za lini amwage mbegu. Basi anaupita mstari ule haraka, kama mtu anayepita njia ya nyumbani kwake usiku bila taa.

Lakini njia ile si ya nyumbani kwake. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo hadi leo imo mikononi mwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki, ilitumia maneno hayo mawili kwa mvua mbili za Kiebrania, yore na malkoshi. Yore ni mvua ya ufunguzi. Huko Palestina huanza kunyesha Oktoba na Novemba baada ya kiangazi kirefu, ikailainisha ardhi iliyokauka hadi jembe likakubali kupita. Malkoshi huja Machi na Aprili na kuzijaza punje za shayiri na ngano kabla ya kuvunwa. Tafsiri ikaita ya kwanza masika na ya pili vuli, kwa hiyo masika ya Musa yanaangukia katika miezi ambayo Kilombero huita vuli. Watafsiri hawastahili lawama. Walikuwa wakitafuta makao ya Kiswahili kwa mvua za ugenini, na neno kubwa la mvua walilokuwa nalo lilikuwa masika. Katika Waraka wa Yakobo Biblia hiyohiyo inasema tu mvua ya kwanza na ya mwisho, na hapo msomaji anapata nafasi ya kusita na kujiuliza: ya kwanza katika kalenda ya nani?

Kusita huko kuna faida, kwa maana mistari michache kabla ya ahadi ile sura inalinganisha nchi mbili. Misri, inasema, ilikuwa shamba la kumwagiliwa kwa mguu, pengine kwa kufungua na kuziba mifereji ya maji ya Nile. Kanaani ni nchi ya vilima na mabonde inayokunywa mvua kutoka mbinguni. Sasa msomaji asimame Kisawasawa, kati ya Mang'ula na Ifakara, atazame pande zote. Juu yake iko milima ya Udzungwa, ambayo mito yake hushuka hata siku ambazo bondeni hakujanyesha. Chini yake kuna uwanda ambao mto Kilombero huufurikia na kuuachia rutuba. Nchi hii inafanana zaidi na Misri! Aliyejihesabu miongoni mwa warithi wa Kanaani anagundua kwamba shamba lake liko upande wa pili wa ulinganisho.

Ugunduzi huo haumtoi nje ya Maandiko. Unamwonyesha maneno yale yalikuwa na uzito gani kwa waliosikia kwanza. Milima ya Yuda na Efraimu haina mto mkubwa wa kumwagilia, na Yordani unapita chini sana, katika bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Mvua ya kwanza ikichelewa hakuna kulima. Ya mwisho ikikosekana masuke yanabaki mapepe. Kuwaambia watu wa nchi kama hiyo waache uhakika wa mfereji wamtegemee Mungu kulikuwa kuwadai jambo kubwa.

Na palikuwa na mshindani. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Syria aliyekuwa akilima aligonga kaburi la kale, na uchimbaji ulioanza mwaka uliofuata ukaibua mji wa Ugariti pamoja na mabamba ya udongo yenye maandishi. Humo Baali anajulikana kwa kazi yake: yeye ndiye apandaye mawingu, bwana wa ngurumo na mvua. Katika simulizi moja Baali anapokosekana, umande na mvua vinakosekana pia kwa miaka. Ndipo 1 Wafalme 17 inapofunguka. Nabii Eliya hakuchagua adhabu ya ukame kwa kubahatisha; alimgusa Baali mahali pale pale alipodaiwa kuwa na nguvu. Mhubiri anayesema Baali ni jina tu la sanamu yoyote, au la mapenzi ya fedha, ameuacha moto wa kisa chenyewe.

Watu wa mkoa wa Morogoro wana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Uluguru iliheshimiwa kwa Kolelo, mzimu ulioombwa mvua na rutuba, na katika Vita vya Maji Maji vya 1905, vilivyofika hadi Mahenge, dawa yenyewe ilikuwa maji. Anayejua historia hiyo hawezi kuwacheka Waisraeli waliokwenda kwa Baali wakati mawingu yamegoma. Walikuwa na watoto wa kulisha.

Kanisa Katoliki, ambalo katika bonde hili lilikabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921, lilitamka mwaka 1965 katika hati ya Dei Verbum kwamba msomaji achunguze mwandishi alikusudia nini, kwa namna za uandishi za zama zake. Jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumbani kwa waamini ndizo mahali pa kuyatenda hayo. Wapo wanaohofia kwamba historia itapoza imani. Hofu hiyo ina msingi, kwani mtu anaweza kujua kila kitu kuhusu Ugariti asisali hata mara moja. Lakini kusoma bila historia nako kuna majeruhi wake, na Malaki sura ya 3 inawaonyesha.

Ni sura inayopendwa wakati wa kuhimiza zaka. Madirisha ya mbinguni hufafanuliwa kuwa fedha, na yule mlaji atakayekemewa huitwa shetani wa umaskini. Malaki mwenyewe aliishi chini ya dola la Uajemi, ndiyo maana sura ya 1 inamtaja liwali. Madirisha yale ni ya mvua, kama yalivyofunguka siku za Nuhu. Mlaji anakula mazao ya ardhi, na wafafanuzi wengi wanamwona kuwa nzige. Mtu aliyekaa kwenye dungu tangu alfajiri akiamia ndege, huku kweleakwelea wakitua kwa maelfu juu ya mpunga unaoiva, anamfahamu mlaji kuliko wengi wanaomhubiri.

Ubaya unaanza pale mavuno yanapoharibika na mkulima akaambiwa kwamba hakutoa vya kutosha. Mvua za El Nino za msimu wa 2023/2024 zilifurisha bonde hili, zikazamisha mashamba ya watoa zaka na ya wasiotoa. Kumbukumbu la Torati kweli inaifunga mvua na utii. Lakini Ayubu anaubishia uhusiano huo kitabu kizima, na katika Mathayo 5 Yesu anasema mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Maandiko yanajadiliana yenyewe kwa yenyewe, na anayechomoa mstari mmoja amewanyamazisha wengine wote waliomo barazani.

Zaka ya Malaki nayo ilikuwa nafaka, divai na mafuta, vilivyowekwa ghalani kwa chakula. Kumbukumbu la Torati 14 inataka kila mwaka wa tatu ile ya mazao imlishe Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika Nehemia 13, Walawi waliokosa fungu lao wamerudi kulima ili wapate kula. Nehemia anawakaripia wakubwa, kisha anageukia ghala lenyewe. Anawaweka Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi na Pedaya Mlawi, pamoja na Hanani, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao.