Msimkuze Mbwa kwa Pupa

Wanangu, nyinyi mnaojenga Goba, Madale na Kibaha, nawaona. Ukuta ukishafika kwenye lenta, kabla hata ya kupaua, mbwa ameshanunuliwa. Tena si koko. Ni German Shepherd, Rottweiler au Boerboel wa wiki nane, kwa bei ambayo enzi zetu tungenunulia ndama. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni yale mnayomfanyia baadaye, kumshindilia chakula ili akifika miezi minne apigwe picha, watu waseme huyo si mbwa, ni simba. Nimefanya kazi ya mifugo mpaka nikastaafu, na nitasema bila kumung'unya maneno: mtoto wa mbwa mkubwa, akishapata chakula chake kamili, huharibiwa na mkono unaozidisha kuliko mkono wa birika.

German Shepherd huzaliwa na karibu nusu kilo. Dume akikomaa hufika kilo 30 hadi 40, na sehemu kubwa ya uzito huo huupata ndani ya mwaka mmoja. Muda wote huo, karibu na ncha za mifupa ya miguu yake kuna gegedu laini, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Gegedu hilo halifungi na kuwa mfupa mpaka akaribie mwaka au aupite. Kwa Boerboel na Great Dane husubiri zaidi. Ukimnenepesha mapema unaibebesha mifupa ya mtoto mwili wa mtu mzima. Nyonga hulegea, gegedu la kiwiko au bega humeguka, miguu ya mbele huingia matege. Na hasara hiyo yote haina faida, kwa maana kimo chake amekirithi kwa wazazi wake. Kumlisha kupita kiasi hakumwongezei hata inchi moja, kunamwahisha tu.

Huko Marekani watafiti walichukua Labrador 48, wakawapanga wawili wawili, ndugu wa tumbo moja, tangu wakiwa na wiki nane. Mmoja alipewa chakula chake, mwenzake akapewa kile kile lakini pungufu kwa robo, na wakaenda hivyo maisha yao yote. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002, waliopunguziwa walikuwa wameishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na nyonga zao zilikuwa na nafuu. Kwa hiyo jirani akikuambia unamtesa mbwa kwa kumpimia chakula, mwache aseme. Mfuko wa chakula nao utakaa siku nyingi zaidi.

Balaa kubwa zaidi iko kwenye kalsiamu. Kijana ananunua chakula kizuri cha mfuko, halafu muuzaji wa dawa za mifugo anamtilia kopo la kalsiamu juu yake, eti mifupa ikaze. Masikio ya Shepherd yakichelewa kusimama, linaongezwa kopo la pili. Jamani! Masikio hayo husimama yenyewe, na wakati wa kubadilisha meno, kati ya miezi mitatu na sita, yanaweza kusimama leo na kulala kesho bila ubaya wowote. Kalsiamu iliyozidi ndiyo haina msamaha. Mtoto wa mbwa katika miezi yake ya mwanzo hana uwezo wa kuikataa kama mbwa mzima. Utumbo wake huingiza mwilini sehemu kubwa ya kile ulichomwekea. Mwaka 1985 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walitoa matokeo ya watoto wa Great Dane waliolishwa chakula chenye kalsiamu asilimia 3.3, wakilinganishwa na wenzao wa asilimia 1.1. Waliozidishiwa mifupa yao iliharibika. Protini msiisingizie. Nayo ilijaribiwa kwa mbwa wa aina hiyo hiyo, haikukutwa na hatia.

Najua si kila mtu anamudu mfuko. Wengi wenu mnapika dona na mapupu ya buchani. Upande huo nao una hatari yake: nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, mahindi nayo hayaokoi jahazi, basi mwili unaanza kuchota kutoka kwenye mifupa yenyewe mpaka mtoto anavunjika mguu kwa kuruka ngazi moja. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao husaidia, lakini kiasi hakikadiriwi kwa macho. Ukiamua kupika, mwombe daktari wa mifugo akupigie hesabu ya mchanganyiko mzima, naye akikuambia utie unga wa mifupa, utie huo huo aliokupimia. Mapafu na maini ya mbuzi msimpe mabichi, kwa sababu yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu, na mayai ya mdudu huyo hutoka kwenye kinyesi cha mbwa yakaingia kwa watoto wenu. Na mahindi yaliyopata ukungu, yale mnayosema "haya tumsagie mbwa", yamwageni. Sumukuvu iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, ikaua tena Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa haliihimili hata kidogo.

Mwenye uwezo wa mfuko asome maandishi yake. Haitoshi kuandikwa ni cha watoto wa mbwa; kiseme wazi kwamba kinafaa kukuzia mbwa wakubwa, na kwa kipimo cha Marekani hao ni wale watakaofika kilo 32 au zaidi. Kalsiamu isivuke asilimia 1.8 ukishaondoa hesabu ya maji. Kile cha kupimiwa kwa kilo dukani, kwenye kimfuko kisicho na jina wala tarehe, mimi sikiamini.

Jedwali la kipimo cha chakula lililo kwenye mfuko ni la kuanzia tu. Hakimu ni mbavu. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, upapase mgongo wake: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kigeuze, upapase upande wa ndani: zikifichika namna hiyo, amenona, punguza. Mpime hivyo kila wiki, na umtazame kwa juu uone kama kiuno kipo. Milo iwe mitatu au minne mpaka miezi minne, kisha ishuke taratibu ifike miwili. Bakuli liondolewe akishamaliza. Mlo mmoja mkubwa kwa siku msimzoeze hata akikomaa, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu tumbo lao hujaa gesi na kujipinda, na wakati mwingine usiku huo huo ndio mwisho wao.

Akianza kuchechemea, msimpe diklofenaki ya nyumbani. Inatoboa tumbo na kuua figo. Mpelekeni kwa daktari, mkiwa na ule mfuko wa chakula wenye maandishi, na mtaje kila alichokula, kopo la kalsiamu likiwemo, hata kama mtaona haya.