Mazoea Mapya na Kuijua Nafsi



Wako watu wanaoielekea dini kwa moyo mkunjufu, lakini waambiwapo waanze kusali husimama. Husema: "Nikiinama na kusujudu hali sijaihisi bado imani, si nitakuwa mwigaji tu? Na nikiziacha desturi nilizokulia, je, nitabaki kuwa mimi?" Swali hili si la kudharauliwa, maana limewarudisha wengi wakiwa wamekwisha fika mlangoni. Basi na tulitazame kwa utulivu.

Kwanza yapasa tujue kwamba fikira za mwanadamu haziumbi kitu kutoka patupu. Mtoto wa Chalinze ambaye hajapata kufika Bagamoyo, ukimsimulia habari za bahari, ataufikiria mto Wami uliofurika, kisha atauongezea upana. Hawezi zaidi ya hapo, kwa kuwa maji makubwa ayajuayo ni hayo. Siku atakaposimama ufukoni ndipo fikira zake zitakapopanuka, wala hazitarudia tena udogo wake wa kwanza. Ndiyo maana Kurani Tukufu yatueleza habari za Pepo kwa mfano wa mabustani na mito, vitu tuvijuavyo, naye Mtume Muhammad s.a.w. akatufahamisha kuwa neema zenyewe zapita kila tuwezacho kuwaza. Hali kadhalika utamu wa sala: asiyeuonja hawezi kuukisia, hata asomewe vitabu mia.

Pili, jambo jipya humwonyesha mtu nafsi yake mwenyewe. Wahenga walisema "Tembea uone"; na kinachoonekana safarini si ugeni peke yake. Mtazame Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Alisafiri Udoe na Uzigua, nchi zilizo jirani na Chalinze, na habari za safari yake zikachapwa mwaka 1901 katika kitabu cha safari za Waswahili kilichokusanywa na Carl Velten. Mwaka 1900 alikuwa amekwisha kwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake. Humo mna habari za kuzaliwa, malezi, arusi na mazishi. Fikiri, ndugu yangu: huku pwani desturi hizo zilikuwa kama hewa, na ni nani avutaye hewa akakumbuka kuandika habari zake? Ni huko ugenini, mbele ya watu wasiozijua, ndiko zilikohitaji kuelezwa moja moja. Nasi tuliosoma vyuo vya dini katika nchi za mbali twaijua hali hiyo. Mtu huulizwa na wenzake, "Kwenu mwafanyaje?" na katika kujibu huyaona ya kwao kama kwamba ndiyo kwanza ayatazame. Basi anayeogopa kwamba njia mpya itampotezea nafsi yake, na ajue kwamba aghalabu njia hiyo ndiyo itakayomkutanisha nayo.

Lakini kuona peke yake hakutoshi. Katika njia panda ya Chalinze mabasi hupita kila siku, haya yakielekea Morogoro na Dodoma, yale yakielekea Tanga, Moshi na Arusha. Abiria hununua machungwa dirishani, gari likaondoka. Huenda amepita mara mia, wala Chalinze haijui. Aijuaye ni yule akaaye hapo, akalima, akateka maji, akawazika majirani zake. Jambo jipya hufungua mlango. Mazoea ndiyo yaingiayo na kukaa. Wangapi wanaosoma magazeti ya dini na kusikiliza hotuba, nao ni abiria wa dirishani!

Sasa turudi kwa yule anayeogopa kuwa mwigaji. Mwaka 1970 ulipotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee waliozoea jembe walishika kalamu. Herufi za kwanza waliziiga ubaoni, mkono ukitetemeka. Je, aliye na akili atasema mzee yule alikuwa mnafiki kwa kuwa aliiga? La hasha! Aliiga leo na kesho, na siku moja akaandika neno ambalo halikuwa la mwalimu tena, nalo ni jina lake mwenyewe. Mnafiki ni yule atendaye ili aonekane na watu. Atendaye ili apate kujua ni mwanafunzi. Nawe unapoinamisha kichwa mbele ya Mola wako hali moyo bado mzito, u mwanafunzi.

Walakini tahadhari! Mazoea mabaya nayo huchonga nafsi vivyo hivyo. Ulevi na usengenyaji havikuingia kwa siku moja. Kurani Tukufu yataja nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotulia. Mtu havuki kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kwa kuruka, bali kwa hatua ndogo zirudiwazo kila siku kwa nia safi. Wala dini haikutaki uitupe lugha yako, ukarimu wa kwenu, au heshima kwa wazee. Yataka utupe yale tu yakuharibuyo.

Basi jaribu, ndugu msomaji. Kwa muda wa mwezi mmoja amka alfajiri, tawadha, simama mbele ya Muumba wako, na umwombe kwa lugha ya mama yako akuonyeshe lililo kweli. Usingoje moyo uwe tayari ndipo uanze. Anza, nao moyo utafuata.

Mwenyezi Mungu atufungulie macho tuione haki, na atujalie nguvu ya kudumu katika hiyo. Amin.