Mashindano ya Miji Jirani

Binadamu hupenda kujipima, na kipimo kilicho karibu naye ni jirani. Mkulima halinganishi shamba lake na la mtu wa nchi ya mbali. Hutazama ng'ambo ya ua wake. Mwanafunzi haoni uchungu kwamba mtu asiyemjua amemshinda katika mtihani. Huona uchungu kushindwa na yule anayeketi naye kwenye dawati moja. Ilivyo kwa watu ndivyo ilivyo kwa miji. Awasi haishindani na London wala Cairo. Awasi hushindana na Ahero.

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kericho hupita katika nyanda za Kano. Kwanza hufika Ahero, ambako njia ya Kisii hutengana na ile ya Kericho, na ambako mpunga hulimwa kwa maji ya mto Nyando. Akiendelea mbele hufika Awasi, penye njia panda iendayo Chemelil na Muhoroni, nchi ya miwa. Miji hii miwili imo katika eneo bunge moja la Nyando. Watu wake huoana, huuziana na huzikana. Lakini tuwaze kwamba kijana wa Ahero na kijana wa Awasi wameketi katika gari moja. Punde si punde ubishi utazuka.

"Kwetu ndiko mji," atasema wa Ahero. "Soko letu hujaa watu hata mtu hapati pa kukanyaga."

"Wingi wa watu si heshima," atajibu wa Awasi. "Wilaya ya Nyando ilipoundwa mwaka 1998, makao makuu yaliwekwa kwetu, hayakuwekwa kwenu."

Basi tuwaze pia kwamba kati yao ameketi bibi kizee, kikapu cha omena mapajani, naye awaambie: "Wajukuu wangu, mimi nauza omena Ahero na nauza omena Awasi. Niambieni neno moja tu. Mvua ikinikuta sokoni kwenu, nitapata mahali pakavu pa kuweka kikapu? Nikiugua usiku wa manane, nitapata tabibu?" Vijana wale watatazamana, kwa kuwa kila mmoja alijua jinsi ya kuusifu mji wake, wala hakuna aliyewahi kuuliza jambo hilo.

Swali la bibi huyu ndilo swali la insha hii. Je, mji hupimwa kwa nini? Na je, ni vema mji ushindane na jirani yake, au mashindano hayo ni upuuzi wa kuachwa?

Wengi hupima mji kwa hesabu ya watu. Hesabu ni kitu kizuri, lakini yataka kusomwa kwa uangalifu. Kwa miaka mingi watu wa Kisumu walijivuna kwamba mji wao ulikuwa wa tatu kwa ukubwa nchini Kenya, baada ya Nairobi na Mombasa, na mwaka 2001 ukaanza kuitwa jiji. Sensa ya mwaka 2019 ilipofanywa, Nakuru ilionekana kuwa na watu 570,674, Eldoret watu 475,716, na Kisumu watu 397,957. Majivuno ya miaka mingi yaliondoka kwa kurasa chache za kitabu cha sensa. Nakuru ikafanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024.

Sasa tufikiri. Je, siku ile hesabu ilipotangazwa, Kisumu ilipoteza kitu gani? Ziwa halikukauka, gati haikubomoka, wala hakuna mwalimu aliyeacha kufundisha. Tena hesabu yenyewe hutegemea mahali mpaka ulipochorwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya Kisumu ilisogezwa, na mitaa iliyokuwa nje ya mji ikaingizwa ndani. Watu wa mji waliongezeka pasipo mtoto mmoja kuzaliwa. Hata cheo cha jiji hubadilika kwa kalamu. Sheria ya mwaka 2011 ilitaka mji uwe na watu 500,000 ndipo uitwe jiji; mwaka 2019 hesabu hiyo ilishushwa ikawa 250,000. Kalamu iliyofungua mlango wa ujiji haikuongeza kisima kimoja wala kitanda kimoja cha hospitali.

Wengine husifu msongamano. Huo nao una pande mbili. Watu elfu moja wakikaa karibu karibu penye maji safi na njia nzuri, hupeana kazi, habari na maarifa. Watu hao hao wakisongamana pasipo choo wala mfereji, hupeana kipindupindu. Kwa hiyo mtu asemaye, "Kwetu tumejaa," hajasema bado kama ni sifa au ni aibu. Tungoje atuambie watu hao wanaishije.

Yatokana na haya kwamba ukubwa si fadhila. Ni kama mwili wa mtu: mwili mkubwa waweza kuwa wa shujaa au wa mvivu. Lakini haifuati kwamba mashindano ni bure. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo yafaa kila kijana ayajue na ayatenganishe: husuda na ghera. Mwenye husuda huona jirani ana taa, akatamani taa ile izimike. Mwenye ghera huona jirani ana taa, akaenda kutafuta mafuta ya taa yake. Wote wawili wameona kitu kimoja na wote wawili wameumia moyoni. Tofauti yao ni kule maumivu yalikowapeleka. Hesiod, mshairi wa Uyunani wa kale aliyeishi yapata miaka 2,700 iliyopita, naye alifundisha kwamba duniani mna mashindano ya namna mbili: moja huleta vita, na la pili humwamsha mvivu alime amwonapo jirani yake akitajirika.

Husuda ya miji si jambo la kuchekesha. Pwani yetu yaijua gharama yake. Lamu na Pate ni miji ya visiwa jirani, ambayo watu wake walikuwa wa lugha moja na dini moja. Mashindano yao ya biashara na enzi yaligeuka kuwa uadui, na yapata mwaka 1812 jeshi la Pate, likisaidiwa na Mazrui wa Mombasa, lilishuka Shela kuishambulia Lamu. Lamu ilishinda. Lakini baada ya kushinda iliogopa kisasi, ikamwomba Seyyid Said wa Oman ailinde. Akaleta liwali na askari. Baadaye utawala wake ulienea hata Pate, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka mikononi mwake. Aliyeshinda alitafuta mlinzi, na mlinzi akawa bwana wa wote. Kila mji ulitaka kuwa mkubwa kuliko jirani, na mwishowe hapana uliobaki na uhuru wake.

Yamkini msomaji mwenye akili atauliza: "Taa zaweza kuwashwa mbili, lakini je, vitu visivyogawanyika? Makao makuu ya wilaya ni mamoja. Ukiyapata wewe, nimeyakosa mimi." Swali hili ni la haki, wala halifai kukwepwa kwa maneno matamu. Kisumu yalijua jambo hilo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901, na kwa miaka mingi shehena za Uganda zilivuka ziwa kwa meli zikapakiwa katika gari la moshi Kisumu. Kisha reli nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka 1931. Shehena nyingi zikaifuata. Faida ya Eldoret ilikuwa hasara ya Kisumu, na asiyekubali neno hilo hasemi kweli.

Hata hivyo mambo mawili hubaki. La kwanza, vitu visivyogawanyika ni vichache kuliko tunavyodhani. Soko lenye paa, zahanati yenye dawa, maktaba, mfereji, kivuli cha miti penye kituo cha magari: hakuna hata kimoja katika hivi ambacho Ahero ikikipata, Awasi lazima ikikose. La pili, hata penye kitu kimoja, jirani aliyekosa bado hunufaika akiwa na jirani aliyepata, ikiwa njia baina yao ni nzuri na mioyo yao ni safi. Mahindi ya Uasin Gishu huliwa Kisumu, na samaki wa ziwa huliwa Eldoret. Wilaya ya Nyando yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa, maana katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti. Kiti kilichogombewa kiliondolewa, na waliokigombea wangali majirani.

Husemwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwa fahali. Lakini miji si fahali, na nyanda za Kano si zizi. Mvua ikinyesha sana katika milima ya Nandi na Kericho, mto Nyando hufurika, na maji huenea mashambani na majumbani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Maji hayaulizi mji upi ni mkubwa, wala hayasimami mbele ya kibao chenye jina la mji. Siku hiyo mtu aliyelowa hutafuta mahali pakavu, na hapo ndipo ubora wa mji hujulikana: je, aliyetoka kwa jirani alipokewa?

Basi kijana, usione haya kuupenda mji wako. Asiyependa kwao hajui kupenda kwingine. Shindana, lakini chagua la kushindania. Usijisifie watu uliowakuta wamekwisha kuzaliwa, wala mpaka uliochorwa na wengine, wala njia panda ambayo wewe hukuichonga. Sifa za namna hiyo ni za kurithi, na mrithi asiyeongeza kitu hula akiba ya wafu. Jisifie mfereji uliozibuliwa, mti uliopandwa ukamea, mzee aliyevushwa barabara. Na ukiona jirani amefanya vizuri zaidi, nenda ukamwulize alivyofanya. Kumwuliza si kushindwa.

Nayo husuda ikikujia, kwa maana hapana moyo isiobisha hodi, ijaribu kwa swali moja: je, mji wa jirani ukipoteza leo kile unachokitamani, utafurahi? Ukijibu ndiyo, ujue kwamba hukutaka mji wako uwe mzuri. Ulitaka mji wa mwenzako uwe mbaya. Ukijibu la, basi una ghera. Endelea kushindana, na yule bibi wa kikapu atapata pakavu Ahero, naye atapata pakavu Awasi.