Kufuli na Ufunguo Wake

Kompyuta inayotunza kumbukumbu za familia ni kama sanduku la bibi: kila mmoja ana chake ndani. Seva ndogo iliyopo nyumbani kwetu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, imebeba picha za harusi na za misiba, mapatano ya mashamba ya ukoo, na vyeti vya hospitali vya ndugu kadhaa. Je, yafaa kuisimba diski yake, yaani kuyageuza yote yaliyomo kuwa fumbo lisilosomeka bila neno la siri?

Wako wanaosema kwamba afungaye ana la kuficha. Hoja hiyo ni nyepesi. Mlango wa chumba cha kulala hufungwa bila aibu, na Katiba yetu, ibara ya 16, inataka maisha binafsi ya kila mtu yaheshimiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Tena neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta, peke yake, halimzuii mwizi: huchomoa diski akaisoma kwenye mashine nyingine. Diski iliyosimbwa, akishaitoa kwenye umeme, kwake ni chuma tu.

Lakini kufuli hili halina fundi wa kulivunja. Neno likipotea, kumbukumbu zimepotea. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huwaka ikiwa imefungwa, ikimngoja mwenye neno. Na mwenye neno akifa? Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Wenye haki na mapatano yale ni watoto wa dada zangu. Nikizikwa na ufunguo, nitawadhulumu kuliko mwizi.

Basi nimeamua hivi. Diski ifungwe yote, kwa sababu cheti cha mgonjwa ni amana, nami sina ruhusa ya kukiacha wazi. Neno la siri liandikwe kwenye bahasha mbili: moja akae nayo dada, nyingine mjomba, kila mmoja nyumbani kwake. Mapatano ya mashamba yatolewe nakala za karatasi, kila tawi la ukoo lipate yake.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi usio na kata huwaacha wenye nyumba na kiu.