Wimbo wa Nyenze na Neno la Mtu

Jua likiwaka juu ya Kimemi, katika mji wa Butembo, nyenze hulia mikaratusini kana kwamba mti wenyewe unaimba. Giza liingiapo, nyenje wa majanini hushika zamu hata usiku wa manane. Watu wengi hawasikii hapo ila kelele. Lakini huenda kijana akasikia na kusema: "Tazama! Mdudu dume humwita jike, humpata, kisha humwita mwingine, wala hakuna amlaumuye. Mtu naye ni kiumbe mwenye mwili. Mbona afungwe kwa mke mmoja hata kufa?" Swali hili si la mchezo, maana kwa ajili yake mabinti huachwa na watoto wasio na baba. Yafaa lijibiwe kwa ukweli.

Kwanza lisemwe lililo kweli. Wimbo wa wadudu hao ni mwito wa kutafuta mwenzi, na kwa kawaida dume ndiye aimbaye. Nyenze dume ana viwambo viwili vidogo ubavuni. Huvikunja na kuviachia upesi mno, na uwazi ulio tumboni mwake huikuza sauti kama ngoma. Nyenje husugua bawa juu ya bawa. Senene, ambaye watu wa Bukoba na Uganda humla kwa furaha, hufanya vivyo hivyo. Nyenje na senene husikia kwa masikio yaliyo katika miguu ya mbele. Kila aina ina wimbo wake, na jike huufuata wimbo wa aina yake.

Tena nyimbo hizo hazikuwa vile vile tangu mwanzo. Mdudu huzaliwa na wimbo wake. Hafundishwi na mzazi. Lakini ndugu wa uzazi mmoja hawalingani kabisa: huyu huimba kwa kasi, yule polepole. Yule ambaye majike humwendea zaidi huacha watoto wengi zaidi, nao huurithi wimbo wa baba yao. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, wimbo hugeuka. Na kikundi kikitengwa na wenzake kwa mlima au bonde, huenda baada ya miaka mingi jike wa huku asimjibu tena dume wa kule.

Pengine badiliko huja upesi. Huko Kauai, kimoja cha visiwa vya Hawaii, yuko inzi aufuataye wimbo wa nyenje dume. Humwekea mabuu, nayo humwingia na kumla toka ndani hata afe. Basi aimbaye hukiita kifo chake. Mwaka 2003 wataalamu walikuta kisiwani humo nyenje wengi, lakini karibu wote kimya: madume walizaliwa na mabawa yasiyoweza kuimba. Badiliko hilo lilikuwa limeenea katika vizazi visivyozidi 20 hivi. Je, dume bubu hupataje mwenzi? Hukaa karibu na mmoja wa wachache waimbao, na jike ajapo kwa wimbo wa mwenzake, yeye humpokea.

Je, mambo haya yanampokonya Mungu kazi yake? Hasha! Aumbaye polepole ni Muumba kweli, kama mkulima alivyo mkulima ingawa mbegu huota usiku naye amelala. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika barua yake Humani Generis, hakuwakataza wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika viumbe hai vilivyotangulia. Lakini alikaza kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe.

Basi kijana amekosea wapi? Hakukosea juu ya mdudu. Nyenje si mwalimu wa uaminifu, na amsifuye hivyo kanisani anasema lisilo kweli. Lakini wala nyenje si wakili wa mzinzi. Dume bubu wa Kauai amefaidi jasho la mwenzake, naye hana hatia, kwa kuwa hakuwaza hila wala hakuwa na njia nyingine. Sasa afikiriwe mtu aliyemchukua binti wa watu bila kwenda kwa wazee, bila mbuzi wa mahari, bila neno mbele ya padri. Na mimba ilipoonekana akatoroka usiku. Kwa nini usiku? Kwa sababu alijua. Tena dada yake mwenyewe akitendewa hivyo, hatasema, "Ndiyo maumbile." Atadai haki. Kwa kudai hivyo anakiri kwamba mtu si nyenje.

Tamaa ya kuoa si dhambi. Mungu ameiweka mwilini. Lakini wimbo wa mdudu hausemi kitu juu ya kesho. Neno la mtu lasema juu ya kesho: leo mume anaahidi kukaa na mkewe siku ya ugonjwa, na ya njaa, na ya uzee, siku ambazo hajaziona. Ndiyo maana Kanisa hufundisha kwamba ndoa hufanywa na ukubali wa bwana na bibi wenyewe, wala hakuna awezaye kukubali badala yao, awe baba, mjomba au padri. Mbuzi huonyesha heshima kwa wazazi. Ukubali hutoka moyoni.

Mkatekumeni anayeishi na mwanamke pasipo neno hilo asiwasingizie wadudu. Na aende kwa wazee wa mwenzake, kisha kwa katekista, kabla Pasaka haijafika. Nyenze waendelee kumsifu Muumba kwa wimbo wasiouchagua; mtu amsifu kwa neno alilolitoa kwa hiari, akalishika.