Kiwanja Kimeuzwa, Viza Ina Tarehe

Safari nyingi za kwenda kusoma ng'ambo kutoka Nyakato, hapa Mwanza, huanzia stesheneri. Kando ya barabara ya Musoma, katikati ya wauza vipuri na mama lishe, kijana husimama na bahasha ya kaki mkononi akisubiri zamu yake ya kuskani vyeti: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada aliyoipata SAUT au Dodoma, kisha ile barua ya udahili ya chuo cha Uingereza yenye nembo ya rangi. Karatasi inayomtoa mzazi jasho kuliko zote ni taarifa ya akaunti ya benki. Masharti ya viza ya mwanafunzi ya Uingereza yanataka fedha za ada na za kujikimu zionekane zimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo, bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku hizo 28 nyumba nzima hutembea kwa kunyata. Fedha zipo, zimetokana na kiwanja cha Buswelu kilichonunuliwa kwa ajili ya uzee, na hakuna wa kuzigusa hata mdogo mtu akirudishwa nyumbani kwa kudaiwa michango ya shule.

Kiwanja hicho huuzwa kwanza sebuleni, na neno linalomaliza mjadala huwa moja: akihitimu atapewa miaka miwili ya kufanya kazi hukohuko, fedha zote zitarudi. Wakala wa vyuo hulisema, kijana hulirudia, mjomba aliyewahi kufika Dubai hulitilia nguvu. Baba hukaa kimya kidogo, kisha huuliza viwanja vya Buswelu siku hizi vinakwenda kwa bei gani.

Ruhusa hiyo ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ipo kweli, na wako Watanzania walioitumia vizuri. Safu hii haina ugomvi na kijana anayeitaka. Ugomvi ni na namna inavyosimuliwa nyumbani, kana kwamba ni mali ya mtoto na hati imeandikwa jina lake. Mwenye mali ni serikali ya watu wengine, yenye wapiga kura wake na hofu zake, na serikali hiyo hubadili mawazo.

Uingereza peke yake inatosha kuwa mfano. Aprili 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, utaratibu wa kuwaachia wahitimu wa nje miaka miwili ya kazi ulifutwa. Kwa miaka tisa hivi iliyofuata, mhitimu wa shahada alikuwa na takriban miezi minne ya kutafuta mwajiri wa kumdhamini, akikosa anafunga virago. Septemba 2019 serikali ya Boris Johnson ikatangaza kuurudisha utaratibu huo, na tarehe 1 Julai 2021 viza ya Graduate ikaanza: miaka miwili kwa shahada ya kwanza na ya uzamili, mitatu kwa uzamivu. Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wakazuiwa kwenda na wenza na watoto wao. Mei 2025 serikali ya Keir Starmer ikatoa waraka wa uhamiaji uliotaka miaka miwili ipunguzwe. Mtoto wa Nyakato aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2012 sasa amefika umri wa chuo kikuu. Katika muda wa kukua kwake mlango umefungwa, umefunguliwa, na umeanza kurudishwa tena taratibu.

Marekani ni hivyohivyo, na pengine kali zaidi. Mhitimu huruhusiwa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, na waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huongezewa mingine 24. Nyongeza hiyo ilianza 2008 ikiwa miezi 17 na kufikishwa 24 mwaka 2016. Katika mwaka ule wa kwanza, siku za kukaa bila kazi zikizidi 90 hadhi yake inaingia matatani. Akitaka kubaki zaidi ya hapo, njia kubwa ni viza ya H-1B, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka kwa kampuni za kawaida, zinazogombewa na dunia nzima. Kisha Desemba 2025 Rais Donald Trump akasaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa zuio la sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza za wanafunzi ni miongoni mwa zilizosimamishwa. Mzazi aliyeuza kiwanja Novemba kwa ajili ya chuo cha Marekani hakuwa amekosea chochote. Kanuni ilibadilika fedha zikiwa tayari zimelala benki.

Kanada tangu Novemba 2024 inamtaka mhitimu aoneshe matokeo ya mtihani wa lugha kabla ya kupewa kibali cha kufanya kazi, na wa vyuo vya kati wanatakiwa wawe wamesomea fani zilizo kwenye orodha ya serikali. Australia ilishusha ukomo wa umri wa kupata viza ya namna hiyo kuwa miaka 35 kwa waombaji wengi kuanzia Julai 2024, kwa hiyo mwalimu wa miaka 38 aliyejidunduliza muongo mzima aende kusoma amekwisha kuondolewa kwenye hesabu kabla hajapanda ndege. Ujerumani bado humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yake, ila Kijerumani kinatakiwa, na hakijifunzwi kwa wiki sita.

Gharama za ruhusa yenyewe hutajwa mara chache sana sebuleni. Mwaka 2025 ada ya maombi ya viza ya Graduate ilikuwa pauni 880, na juu yake mchango wa huduma ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, ukilipwa wote kwa mkupuo. Kwa miaka miwili ni pauni 2,950. Ukibadilisha hata kwa shilingi 3,000 tu kwa pauni, unakaribia shilingi milioni tisa, nazo zinadaiwa wakati kijana ametoka kumaliza ada na hajapata mshahara hata mmoja. Hapo simu hupigwa Nyakato. Kama kiwanja kilikuwa kimoja, kinachofuata ni ng'ombe wa babu.

Na kazi ni ipi? Kamati inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu uhamiaji iliichunguza viza ya Graduate na kutoa ripoti Mei 2024. Ilishauri viza hiyo ibaki ilivyo, ikasema haikuona ushahidi wa udanganyifu ulioenea. Iliona pia kwamba wengi huanza na kazi za mishahara midogo. Watanzania wa ughaibuni wanayajua haya bila kusoma ripoti. Aliyesomea uhasibu anajikuta ghalani usiku wa manane anabeba boksi, mwenye uzamili wa afya ya jamii anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kazi ni kazi, na fedha ya boksi imelipia ada za wadogo wengi. Lakini miezi inakwenda. Ili kuhamia viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, tangu Julai 2025 mwajiri anatakiwa amlipe kwa kawaida angalau pauni 41,700 kwa mwaka, au 33,400 kwa anayeanza kazi, na fani yake ikihitaji zaidi kiwango kinapanda. Ghalani hakuna mshahara huo.

Liko jambo lingine linalostahili kuangaliwa kwa makini. Anayesomeshwa na ufadhili wa Chevening, ambao ni wa serikali ya Uingereza yenyewe, husaini kwamba akimaliza atarudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola naye huahidi kurudi. Maana yake, wale ambao Uingereza imewachagua na kuwalipia inawaambia warudi kujenga kwao, na anayeachiwa nafasi ya kubaki kidogo ni hasa yule aliyejilipia. Vyuo vya kule hutegemea sana ada za wageni, ambazo ni kubwa kuliko za wenyeji, na ruhusa ya kazi ni sehemu ya kinachowavuta wanunuzi. Hakuna ubaya kununua. Mnunuzi ajue tu anauziwa nini na kwa muda gani.

Ni haki pia kusema kwamba Tanzania haimpi mgeni upendeleo wa namna hii. Mwanafunzi wa nje anayesoma hapa hukaa kwa kibali cha ukaazi daraja C. Akitaka kuajiriwa, lazima apate kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, na kibali cha ukaazi daraja B. Hatuwezi kuwanung'unikia Waingereza kana kwamba wametudhulumu urithi.

Linalouma zaidi liko nyumbani, na hilo ndilo tunaloweza kulibadili sisi wenyewe. Kijana akirudi Mwanza baada ya viza yake kwisha, swali la kwanza analoulizwa na jirani, kabla hata ya kumaliza salamu, ni: "Unaondoka lini?" Huulizwa kwa furaha na uso wa ukarimu. Mama yake huulizwa hivyohivyo kwenye kikoba, kanisani, dukani. Wiki ya pili anajibu, wiki ya tano anabadilisha njia ya kwenda sokoni. Mwezi wa tatu mtaa umekwisha kutoa hukumu kwamba kijana kashindwa, au kafukuzwa. Hakuna anayekumbuka kwamba alikwenda kusoma, akasoma, akafaulu, na shahada anayo.

Aibu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wasirudi. Kijana huacha viza ipite tarehe na kukaa kwa kujificha, au hujilipua, yaani huomba ukimbizi kwa jina na nchi isiyo yake. Miaka inapita. Baba anafariki, na mtoto anautazama msiba kwenye simu ya binamu, kwa sababu akitoka hatarejea, na akija atakuja kama nani? Hakuna kiwanja cha Buswelu chenye thamani ya kumfanya mtoto asiweze kumzika baba yake.

Waliosomea China na India mara nyingi hawana mzigo huu. Huko mhitimu hategemei kuachiwa miaka miwili ya kazi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza familia inajua atarudi, na akirudi anapokelewa kama mtu aliyemaliza safari. Madaktari wengi waliosomea huko walirudi, wakashughulikia utambuzi wa shahada zao Tume ya Vyuo Vikuu, wakafanya mafunzo ya vitendo na kuingia wodini.

Kanda hii ya ziwa yenyewe ilijengwa na waliorudi. Julius Nyerere wa Butiama aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na mwaka 1952 alikuwa nyumbani. Paul Bomani alikwenda Loughborough kusoma ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi kwa wakulima wa pamba, na ulipoundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria mwaka 1955, ambao makao yake yalikuwa hapa Mwanza, yeye alikuwa katika uongozi wa juu. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Zama zao zilikuwa nyingine, na nchi ilikuwa na kiu ya kila aliyesoma. Leo mhitimu anarudi kwenye foleni ya ajira ndefu, na ni dhuluma kumwambia arudi kisha kumdai uzoefu ambao hakuna aliyempa nafasi ya kuupata.

Lakini si kweli kwamba hapa hakuna mahali pa kujifunzia kazi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ina kilometa 341. Hospitali ya Bugando na taasisi ya utafiti ya NIMR zina kazi za afya zinazojulikana mbali. Hapohapo Nyakato kuna VETA na SIDO. Miradi na taasisi za namna hii zifungue milango ya mafunzo kazini ya mwaka mmoja au miwili kwa vijana waliohitimu nje na ndani, yenye posho inayomtosha mtu kula na kupanda daladala. Halmashauri ya Ilemela na waajiri wa Mwanza wanaweza kulianza hilo bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Kwa mzazi aliyekwisha kuamua, na ana haki ya kuamua, ombi ni moja. Kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishiana mauziano, piga hesabu ukidhani mtoto atarudi wiki ileile aliyohitimu, bila kufanya kazi hata siku moja. Kama familia itasimama, uza. Kama itaanguka, tafuteni ufadhili au chuo cha hapa nyumbani. Kisha mwambie mwanao kabla hajaondoka, kwa maneno yanayosikika, kwamba siku yoyote atakayorudi chumba chake kipo.

Na kwa wanaojiandaa kwenda Uingereza: mwenye shahada ya kwanza au ya uzamili atakayeomba viza ya Graduate kuanzia tarehe 1 Januari 2027 hatapewa miaka miwili. Atapewa miezi 18. Anayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 yumo humo.