Chai Isiyopogolewa Huwa Mti



Sisi tunaoishi Sironga na pande nyingine za Nyamira tunaujua mchai tangu utotoni. Mgeni anayepita barabarani hudhani kwamba mmea huu ni mfupi kwa asili, wa kufika kiunoni tu. Lakini mkulima anajua kwamba mchai ni mti. Ukiuacha miaka mingi bila kuuchuma wala kuupogoa, utapanda juu kuliko paa la nyumba. Utakuwa na majani tele na kivuli kizuri, lakini mchumaji hatalifikia hata jani moja. Haujafa, ila haumfai mtu tena.

Ndivyo alivyo mume au mke mwenye kiburi. Yumo nyumbani, anakula mezani, Jumapili anakwenda Misa, lakini mwenzake hamfikii. Akiulizwa jambo hujibu kwa ukali. Akikosewa hununa wiki nzima. Akikosa yeye, haombi msamaha, kwa sababu yeye ndiye mwenye boma, au ndiye aliyesoma zaidi, au mshahara wake ndio unaolipa karo.

Basi, unyenyekevu ni nini? Wengine hudhani ni kujidharau na kuitikia kila neno. La! Katika ndoa, unyenyekevu ni kukubali kufikiwa. Ni mwenzako kuweza kukuambia, "Hapo umeniumiza," bila kuogopa.

Jimbo letu la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Alikuwa mwana wa chifu, na mwaka 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya. Alipostaafu mwaka 1997, mkuu huyo wa Kanisa alichagua kuishi Nairobi katika Nyumba ya Wazee, pamoja na wazee maskini wanaotunzwa na masista. Huko ndiko alikoishi hadi mwisho wa maisha yake mwaka 2003, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Ikiwa Kardinali aliweza kuketi na maskini, je, wewe baba utashindwa kuketi jikoni na mke wako umsikilize? Nawe mama, utashindwa kumsikiliza mumeo bila kumkumbusha makosa ya mwaka juzi?

Tutazame sasa uvumilivu. Mtakatifu Paulo anapowaeleza Wakorintho upendo ulivyo (1 Kor 13), sifa anayoitaja kwanza ni hiyo. Nasi wachuma chai tunaielewa vizuri. Tunachukua majani mawili na chipukizi lake, tunasogea. Baada ya wiki moja au mbili tunarudi kwenye shina lile lile. Hakuna anayechuma majani ya mwaka mzima kwa siku moja. Lakini katika ndoa tunataka mwenzetu abadilike kwa hotuba moja ya usiku mmoja! Mume aliyezoea kunyamaza hatajifunza kuzungumza leo. Mke aliyelelewa katika ugomvi hatapoa kesho. Pokea kidogo kilichochipua wiki hii, shukuru, kisha urudi tena.

Mnajua mtihani wetu mkubwa ni lini. Ni wakati wa bonasi, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Mwaka mzima mama na watoto wameamka alfajiri, wamelowa umande, wamebeba vikapu hadi kituoni kwenye mizani. Lakini katika nyumba nyingi nambari ya mkulima ni ya baba, na akaunti ya benki ni ya baba. Bonasi ikiingia, baba anaondoka asubuhi na kurudi siku ya tatu, mfukoni hamna kitu. Nyumba nyingine ni mama anayeuza majani kwa siri kwa walanguzi ili apate pesa zake, kwa kuwa hamwamini baba. Hapo hakuna tena mwili mmoja. Kuna wafanyabiashara wawili wanaoviziana chini ya paa moja.

Nawaomba mfanye hivi mwaka huu. Kabla bonasi haijaingia, keti pamoja na kalamu na karatasi. Andikeni karo, deni la mbolea, matibabu, sadaka, na kitu kidogo cha kila mmoja wenu asichoulizwa. Baba, mwonyeshe mke wako kiasi kilichoingia. Mama, nawe weka mezani cha mifugo na cha sokoni. Upendo usiofika kwenye pesa bado ni maneno.

Hapa ni lazima niseme wazi. Uvumilivu si kuvumilia kupigwa. Wapo wanaomwambia mke mwenye majeraha, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Hayo si mafundisho ya Kanisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha yeye au watoto. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inampa nafasi ya kuomba ulinzi wa mahakama. Anayepigwa, awe mke au mume, aende mahali salama, kisha amweleze padre, chifu au polisi. Anayepiga ndiye anayehitaji kubadilika.

Kwa makosa ya kila siku, marehemu Papa Fransisko alituachia dawa nyepesi katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia. Alitaja maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Wengi wetu twayatumia kwa wageni. Mgeni akiletewa uji, anashukuru. Mume akiletewa, anauliza mbona umepoa! Tuanzie hapo.

Mwisho, tukumbuke kisu. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hupogolewa. Shamba huonekana kama limeharibiwa, na kwa miezi kadhaa hatuchumi kitu. Matawi yaliyokatwa tunayaacha pale pale, yafunike udongo na kuurutubisha. Kisha machipukizi huja kwa wingi. Bwana wetu alifundisha kwamba Baba hulisafisha tawi linalozaa ili lizidi kuzaa (Yn 15). Kwetu kisu hicho ni Sakramenti ya Kitubio. Lakini tuwe waangalifu: wengine wakifika kwa padre husimulia dhambi za wenzao! Nenda na zako. Hata makosa ya zamani, yakiisha kukatwa na kusamehewa, yanaweza kuwa mbolea ya hekima nyumbani mwenu.

Kwa mazungumzo yenu ninyi wawili:

1. Ni jambo gani ambalo mwenzangu anaogopa kuniambia? Kwa nini?

2. Wiki hii ameniletea chipukizi gani la wema ambalo sikulishukuru?

3. Pesa za nyumba hii, sote wawili tunazijua?

Mkiisha kujibu, shikaneni mikono, msali:

Ee Yesu, uliyeinama ukaosha miguu ya wafuasi wako, utuinamishe na sisi. Utupunguze mahali tulipopanda juu mno, ili wenzetu watufikie. Utupe subira ya kuanza tena kila asubuhi. Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, mtuombee. Amina.